Teksi Isiyo na Stika

Mercyline Nanjala alikuwa akipanga mabeseni yake ya plastiki ya kuuza mbele ya nyumba, makubwa chini, madogo juu, alipomwona mumewe akija kwa miguu. Kwanza hakumtambua. Tangu wahamie Burumba, Okurut alifika nyumbani na gari. Mlio wa Probox ile ungeusikia tangu kona ya kisiagi cha mahindi, na harufu yake ingekufikia kabla haijazimwa, kwa maana ndiyo teksi pekee mjini Busia iliyokubali kubeba samaki wa akina mama wa Osieko, kule ziwani. Leo alikuja kimya, amekunja mikono ya shati, anatembea pembeni kabisa mwa barabara kama mgeni asiyejua anakoelekea.

"Gari iko wapi, Baba Amoit?"

"Wamechukua."

"Akina nani?"

"Askari wa mji. Nipe maji kwanza."

Alimletea maji. Okurut alikunywa kikombe chote akiwa amesimama, ndipo akakaa kwenye kizingiti.

Tangu mwaka uanze, ofisi ya mji ilikuwa imeleta sheria mpya ya teksi. Gari lililotaka kuegesha karibu na lango la mpaka, pale wasafiri wanapotokea Uganda na mizigo yao, lilitakiwa kuwa na stika ya kijani kwenye kioo. Stika hazikutolewa na ofisi yenyewe, zilipitia chama cha teksi, na chama hakikupokea gari lililopita umri fulani. Gari la Okurut lilikuwa limeupita umri huo kabla hata sheria haijaandikwa. Madereva kama yeye, wasio na chama, waliachiwa kitu kimoja tu: wangeweza kumchukua abiria langoni ikiwa abiria huyo amewaita kwa simu. Kuegesha na kungoja, hapana. Basi Okurut akawa mtu wa kuishi na simu mkononi, hata msalani anakwenda nayo.

"Nilipigiwa simu," alisema. "Kwamba kuna mgeni hapo langoni, ana mizigo mizito, anataka mimi kwa jina. Nikaenda. Kufika, hakuna mgeni. Kuna askari watatu. Wakasema nimeegesha bila stika, natafuta watu."

"Si ungewaambia umeitwa?"

"Niliwaambia."

"Si ungewaonyesha simu?"

Okurut alikizungusha kikombe kitupu kwenye kiganja chake. "Yule aliyenipigia alikuwa amesimama nao pale. Ndiye aliniomba funguo."

"Ni nani?"

"Shemeji," Okurut alisema. "Willis."

Willis Makokha alikuwa ndugu yake Mercyline, kitinda mimba wa mama yao, ambaye alibaki Matayos. Alikuja kukaa nao akiwa bado hajaota ndevu, akalala sebuleni kwenye kochi mpaka miguu ikazidi kochi. Okurut ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, kwa Probox hiyohiyo, kwenye barabara ya vumbi ya kwenda kwao Adungosi. Willis alipopata kazi ya askari wa mji, Okurut alimpeleka siku ya kwanza akiwa na sare mpya, akapiga honi kutoka nyumbani hadi mlangoni pa ofisi, kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

"Labda alilazimishwa," Mercyline alisema.

"Labda."

"Utaongea naye?"

"Nitaongea na wenye ofisi," Okurut alisema. "Yeye ni mtoto."

*

Asubuhi yake walikwenda pamoja ofisi ya mji. Waliwekwa kwenye benchi la ukumbini, wakaona watu waliokuja nyuma yao wakiingia na kutoka. Karibu saa ya chakula ndipo waliitwa kwa Bwana Ignatius, mkubwa wa askari, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Kabla hawajakaa alinyanyuka akafungua dirisha.

"Nani amekuja na samaki hapa?" aliuliza, na makarani wawili wakacheka bila kuinua vichwa.

Mercyline alijikuta ananusa leso yake mwenyewe.

"Boss, mimi niliitwa," Okurut alianza. "Sheria yenu inasema nikiitwa naruhusiwa kuchukua mtu."

"Kila mtu anasema ameitwa, mzee. Ripoti ya askari inasema hukuitwa. Lipa faini, lipa na ada ya yadi gari inapolala, chukua gari yako uende. Ukitaka kusumbua, korti iko."

"Na stika nitapata wapi?"

"Ingia chama."

"Chama walikataa gari yangu. Wanasema imezeeka."

"Basi nunua ingine." Aliisema kama vile ni sabuni iliyoisha.

"Na sisi ambao chama kimetukataa, hiyo shida yetu tunaambia nani?"

"Mnapitia chama," Bwana Ignatius alisema, akivuta faili jingine. "Hiyo ndiyo njia. Mwite anayefuata."

Nje, juani, Mercyline alimshika mumewe kiwiko. Alimwambia wakope kwa wenzake wa sokoni, walipe, gari litoke, maisha yaendelee. Okurut alikuwa akiutazama ukuta wa yadi ng'ambo ya barabara. Paa la Probox lilionekana kwa juu, limebanwa kati ya mikokoteni na pikipiki.

"Nikilipa, nimekubali," alisema. "Na kesho watanishika tena, nitalipa tena. Nataka mtu mmoja tu aseme sikuvunja sheria. Mmoja. Hata kama ni hakimu."

*

Willis alikuja Jumapili baada ya kanisa, akiwa amevaa nguo za kawaida. Okurut hakuwepo. Amoit, binti yao, alimwamkia mjomba wake akatoka nje kimya. Alikuwa ameshafika umri wa kuelewa, na nyumba yenyewe ilikuwa ndogo.

"Dada, usiniangalie hivyo," Willis alisema.

"Nikuangalie vipi?"

Alikaa kwenye kochi lake la zamani, mikono katikati ya magoti. "Ignatius aligundua. Kila tukitaka kufanya msako nilikuwa namtumia shemeji neno asikuje langoni. Mtu akanichoma kwake. Ignatius akaniita, akaniambia, huyo shemeji yako utamleta wewe mwenyewe, ama uvue hiyo sare uache hapa mezani. Akanisimamia nikipiga hiyo simu. Dada, Yvonne ana mimba, amebakisha kidogo tu. Ningefanya nini?"

"Ungekuja uniambie."

"Na wewe ungefanya nini?"

Mercyline aliurudisha mlango, Amoit asisikie.

"Nimeandika kwamba hakuna simu," Willis aliendelea kwa sauti ndogo. "Nilijua atalipa na itaisha. Wote wanalipa. Sikujua atakwenda korti. Dada, akienda kule atanimaliza. Mwambie alipe."

Kabla Mercyline hajasema kitu, Okurut aliingia. Alisimama mlangoni akamtazama shemeji yake, na Willis akanyanyuka haraka, kofia mkononi, kama mtoto wa shule mwalimu mkuu anapoingia darasani.

"Shemeji," Okurut alisema. "Umekula?"

"Bado."

"Mama Amoit, tupe chakula."

Wakala pamoja, ugali na samaki. Okurut aliuliza hali ya Yvonne, akauliza kama mama kule Matayos amepanda mahindi. Kuhusu gari hakusema hata neno. Alikata samaki katikati, akamsogezea Willis upande wa kichwa, jinsi alivyokuwa akifanya tangu zamani, kwa kuwa Willis alipenda kichwa. Willis alikula huku machozi yakimshuka hadi kidevuni, na hakuna aliyemtazama.

*

Okurut alikana mashtaka. Siku ya kusikilizwa ilipokaribia, karani mmoja wa korti alimweleza kwamba hata bila wakili ana haki yake: askari akimaliza ushahidi wake, mshtakiwa anaruhusiwa kumuuliza maswali, naye lazima ajibu akiwa ameapa. Okurut alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyepewa zawadi. Kumbukumbu ya ile simu bado ilikuwemo kwenye simu yake, jina la Willis na saa aliyopiga. Swali lingekuwa moja. Nani alinipigia nije langoni? Baada ya hapo kesi isingekuwa na miguu.

Mama yao Mercyline na Willis alipiga simu kutoka Matayos. Mercyline alitoka nje na simu, akasimama nyuma ya nyumba penye kamba za kuanikia nguo.

"Nanjala, nimesikia bwana yako anataka kumfunga mtoto wangu."

"Mama, ni Willis alimkosea."

"Alikosa. Nani hajakosa? Gari ni chuma. Utaniambia chuma na damu ni kitu kimoja? Huyo kijana akipoteza kazi, na mtoto njiani, mimi nitaweka wapi uso? Ongea na bwana yako. Wewe ndiye unalala naye nyumba moja."

Jioni hiyo, siku moja kabla ya kesi, Okurut alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe juu ya meza. Alipenda kujipigia pasi mwenyewe. Alikuwa anakunja shingo ya shati polepole, anaikunjua, anaipiga tena. Mercyline alikaa kwenye kochi akimtazama kwa muda mrefu.

"Baba Amoit," alisema. "Kesho usimuulize Willis mambo ya simu."

Pasi ilisimama.

"Watamfuta kazi. Wanaweza hata kumshtaki kwa kusema uongo. Yvonne anakaribia kujifungua. Mama amenipigia analia. Nakuomba."

"Na mimi?" Okurut aliuliza. Hakuuliza kwa hasira.

"Wewe ni mtu mzima. Wewe utapata njia."

Okurut aliisimamisha pasi pembeni ili isiunguze shati. Aliegemeza mikono mezani.

"Sawa," alisema. "Sawa, Mama Amoit."

Mercyline alimshukuru. Usiku ule alilala usingizi mzuri, wa kwanza tangu gari lichukuliwe, na baadaye hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, kwamba alilala.

*

Kortini Willis aliapa, akasimama wima ndani ya sare yake, akasema alimkuta mshtakiwa ameegesha teksi isiyo na stika mbele ya lango, akiwaita wasafiri. Alisema hakuna abiria aliyekuwa amempigia simu. Katikati alikwama, akaomba radhi, akaanza upya. Bwana Ignatius alikuwa amekaa safu ya mbele, mguu juu ya mguu.

Hakimu, mama wa makamo, alimgeukia Okurut. "Mshtakiwa, una swali lolote kwa shahidi huyu?"

Okurut alikuwa amesimama ndani ya shati lake jeupe. Simu ilikuwa mfukoni. Mercyline aliiona imevimba pale kifuani. Okurut alimtazama Willis, na Willis, kwa mara ya kwanza tangu apande kizimbani, akainua macho akamtazama.

"Sina, mheshimiwa."

Hakimu aliacha kuandika. "Una uhakika? Ulikana mashtaka. Shahidi ndiye huyu. Ukitaka kumuuliza, ni sasa."

"Sina swali."

"Una lolote la kujitetea?"

"Nilikuwa langoni. Hiyo ni kweli. Stika sina."

"Sasa mbona ulikana, mzee? Umetuweka hapa siku zote hizi."

"Nilitaka kusikizwa, mheshimiwa."

"Haya. Nakusikiliza."

Mtu alikohoa nyuma. Mercyline aliona midomo ya mumewe ikitaka kufunguka, akajikuta, Mungu amsamehe, anatikisa kichwa kidogo sana, kumkataza. Hakujua kama Okurut alimwona.

"Nashukuru," Okurut alisema. "Nimesikizwa."

Alitozwa faini, na juu yake ada za yadi zilizokuwa zimeongezeka kila kulipokucha kesi ikisubiriwa. Jumla yake ilipita bei ya gari lenyewe. Mabeseni yote ya Mercyline, hata akiyauza kwa hasara, yasingeifikia nusu. Okurut aliweka sahihi gari liuzwe. Alilinunua mtu wa vipuri, na siku aliyokuja na watu wake kulifungua, Okurut alisimama nje ya yadi akimwelekeza kwa adabu. Mlango wa kushoto unavutwa juu kwanza. Boneti ina ujanja wake. Yule mtu alipotaka kutupa mkeka wa nyuma, ule ulionuka samaki, Okurut alimwambia autupe tu.

*

Yvonne alijifungua mtoto wa kiume. Willis alikuja Burumba na sukari na unga na uso unaong'aa, akasema wamempa mtoto jina la Okurut.

"Jina zuri," Okurut alisema, akampa mkono.

Okurut alipotoka nje kidogo, Willis alimnong'oneza dada yake, "Nilijua shemeji hawezi kunimaliza. Pale kortini aliniangalia tu, nikajua amenisamehe. Yule ni mtu wa roho safi." Mercyline aliipokea sukari. Hakumwambia nani aliomba na nani aliombwa.

Vivianne, mama mmoja wa Osieko, aliendelea kupiga simu kwa wiki kadhaa. "Okurut, uko wapi? Hawa wenye stika wanatukataa, wanasema tunanukisha viti." Okurut alimwambia pole mara nyingi mpaka mama yule akaacha kupiga.

Kisha Okurut alikwenda Malaba. Alisema kuna kazi ya kuosha malori yanayongoja kuvuka. Mwanzo alirudi kila Jumapili, akakaa na Amoit wakafanya hesabu za shule. Baadaye akawa anatuma pesa kwa simu, na Jumapili zikapita. Akipigiwa alipokea, akauliza hali ya nyumba, akajibu kila alichoulizwa. Hakuwahi kufoka. Mercyline angefurahi kama angefoka.

Mwishowe alifunga nguo safi kwenye mfuko akaenda mwenyewe.

Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mji. Aliifuata kwa miguu, akiuliza, mpaka akamkuta mumewe akiwa amevaa gambuti, ndoo miguuni, anasugua tairi la lori la mafuta. Alikuwa amekonda. Alipomwona alijifuta mikono kwenye suruali, akamtafutia jerikeni kavu la kukalia, akaligeuza upande usio na matope.

"Amoit mzima?"

"Mzima. Anakuuliza."

"Nitampigia jioni."

Mercyline hakukaa. "Rudi nyumbani, Baba Amoit."

"Kazi iko huku."

"Si kazi. Mimi najua si kazi." Dereva wa lori alikuwa amelala kwenye kiti, miguu nje ya dirisha, na Mercyline akashusha sauti. "Ni kwa sababu nilikuomba. Kama ningenyamaza ungeuliza lile swali, na gari ingerudi. Mimi ndiye niliuza gari yako. Nimekuja kusema hivyo."

Okurut alikamua kitambaa. Maji meusi yalitiririka yakaingia kwenye mtaro.

"Nisingeuliza," alisema.

"Nini?"

"Hata kama hungeniomba, nisingeuliza. Yule kijana nilimfundisha gari mimi. Siku ile alipopokea funguo zilimwanguka. Nikaokota mimi, nikampa. Hapohapo nilijua sitamuuliza. Nilitaka tu nisimame mbele yake, ajue ninaweza, halafu nimwachilie. Hiyo ilikuwa zawadi yangu kwake."

Mercyline alishika jerikeni, akakaa.

"Ile jioni," Okurut aliendelea, bado akikitazama kitambaa, "nilikuwa napiga pasi nikifikiria, huyu amekaa pale ananiangalia, kuna kitu anataka kuniuliza. Nikafikiri utaniuliza kama naogopa. Sijawahi kusimama kortini. Nilikuwa nimepiga hiyo shingo ya shati mara tatu sababu mikono haikuwa yangu. Nikangoja."

Hakumalizia. Injini ya mbele iliwaka, kisha ya pili yake, na moja baada ya nyingine malori yakaanza kunguruma kurudi nyuma hadi walipokuwa. Dereva aliingiza miguu yake ndani. Foleni ilikuwa inasogea.

"Uliogopa?" Mercyline aliuliza.

Okurut alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia na asiyetaka kumpoteza anayeuliza.

"Sana," alisema.

Lori likaondoka. Upande mmoja ulikuwa bado haujaoshwa, naye akainua ndoo, akalifuata.